Tangi la bahari likigeuka kijani, usikimbilie ndoo

Maji ya kijani kwenye tangi la samaki wa bahari ni mwani hai wa seli moja, ambao wengi huuita fitoplanktoni. Unaelea, unakula na kujigawa humo humo tangini. Kwa hiyo kumwaga maji na kujaza mengine, jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya kwanza, hakusaidii. Chukua tangi la lita 200. Umetoa lita 60, umebakiza asilimia 70 ya mwani. Mwani huo ukipata mwanga na chakula unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja tu, na kesho utakuta kijani kimekolea kuliko jana. Ukiwa umejazia maji yenye nitrati na fosfati, umeulisha pia.

Sponji nazo haziuzuii. Seli za Nannochloropsis, kwa mfano, zina upana wa maikroni 2 hadi 4, wakati mfuko wa kawaida wa kuchujia una matundu ya maikroni 100 au 200. Makaa ya kuchujia huondoa umanjano wa maji, lakini seli hizi hayazishiki.

Kabla ya kununua chochote, chota maji kwa glasi safi, iweke juu ya karatasi nyeupe mchana na uangalie kutoka juu. Yakiwa na rangi ya kijani, ni mwani unaoelea. Yakiwa meupe kama yametiwa maziwa, mara nyingi hao ni bakteria, na jambo la haraka hapo ni kuongeza hewa. Yakiwa safi kabisa, basi kijani ulichokiona kimeganda kwenye kioo cha tangi; kikwangue, tatizo lako ni jingine.

Kisha pima amonia, nitrati na fosfati. Hapa wengi hudanganyika kwa namna mbili. Ya kwanza, rangi ya maji yenyewe huharibu usomaji wa vipimo vya rangi. Jaza mrija wa pili kwa maji ya tangi yasiyotiwa dawa ya kipimo, uushike mbele ya rangi za kadi, ndipo ulinganishe. Ya pili, nitrati na fosfati zinaweza kusoma sifuri huku maji yakiwa kijani kibichi. Sifuri hiyo haimaanishi kwamba chakula hakipo, mwani umeshakimeza. Ukifa wote kwa pamoja, utakirudisha majini.

Hatari kubwa ya maji haya ni usiku. Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini taa zikizimwa huivuta pamoja na samaki, na maji ya nyuzi 26 yenye chumvi hayabebi oksijeni nyingi tangu mwanzo. Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, usisubiri kupima: elekeza pampu ya mzunguko ivuruge uso wa maji, na uwashe pampu ya hewa yenye jiwe. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, weka karibu pampu ya hewa ya betri kabla ya kuanza tiba yoyote.

Tiba tunayoipendekeza kwanza ni taa ya UV ya kuchujia maji, yaani taa ya miale ya urujuanimno inayoua seli za mwani zinapopita mbele yake. Ifunge baada ya sponji ili takataka zisiufunike mwanga wake, na ipitishe maji kwa kasi ambayo mtengenezaji ameitaja kwa ajili ya mwani. Pampu kubwa kupita kiasi ndiyo sababu ya kawaida ya UV “kutofanya kazi”: seli zinapita bila kupata mwanga wa kutosha kuziua. Iache iwake saa 24. Mara nyingi maji huanza kung'aa ndani ya siku chache, na baada ya wiki unaona ukuta wa nyuma. Isipobadilisha kitu, kagua bomba la kioo linaloifunika balbu. Likiwa na utando wa chokaa, lisafishe kwa siki. Balbu ya zamani inaweza kuendelea kutoa mwanga wa bluu huku nguvu yake ya kuua imekwisha, kwa hiyo ibadilishe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji. Usiitazame ikiwaka, macho yako yataumia.

Kama huna UV, tumia giza. Zima taa, funika pande zote kwa blanketi au nailoni nyeusi kwa siku tatu, ukiacha nafasi ya hewa juu. Matumbawe mengi yenye afya huvumilia siku hizo tatu. Lisha kidogo sana, acha skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) ifanye kazi muda wote, na upime amonia kila siku kwa sababu mwani unaokufa unaoza. Taa zikirudi, anza na saa nne kwa siku.

Ndoo ina zamu yake, na zamu hiyo ni baada ya maji kung'aa: badilisha asilimia 20 hadi 25 ili kuondoa virutubisho vilivyoachwa na mwani uliokufa. Dawa za kuua mwani za mabwawa usizitie kabisa, hasa zenye shaba. Kamba, konokono na matumbawe hufa, na shaba hujificha kwenye mawe na kurudi majini baadaye.

Chanzo kisipoguswa, kijani kitarudi. Angalia jua la dirishani, chakula kinachozama bila kuliwa, na samaki aliyefia nyuma ya mawe. Angalia zaidi maji unayoongeza kufidia yale yanayovukizwa: yanayopanda ni maji matupu, virutubisho hubaki, hivyo kila ndoo ya bomba au kisima huongeza mzigo. Tumia maji ya RO (yaliyosukumwa kupitia utando unaozuia chumvi na virutubisho) yenye TDS sifuri, yaani kipimo cha vitu vilivyoyeyuka majini kisome sifuri. Mkazi wa pwani anayechota maji ya bahari ayachote maji yakijaa, mbali na mito na mifereji, asichote siku za mvua kubwa za masika, na ayahifadhi gizani kwenye pipa lenye pampu ya mzunguko kabla ya kuyatumia.