Re: Cessna 172 ya zamani, nianze kufunga nini?

Mkuu umesema una ndege ndogo ya Cessna 172 ya 1974 hapo uwanja wa Kisongo, Arusha, na unawaza kuanza na skrini kubwa ya vipimo, aisee mi ningeanza na mikanda. Nyingi za miaka ile mkanda wa bega ni kipande cha kuchomeka pembeni ambacho hamna anayehangaika nacho, funga ule unaojivuta wenyewe, hauna mbwembwe ila ndo utaokoa uso wako. Afu king'ora cha kabonimonoksaidi, ni bei chee, na hita ya ndege hizi inachota joto kwenye egzosi, bomba likipata ufa gesi inaingia ndani na hainuki kabisa, na asubuhi za Julai huku hita utawasha tu.

Pesa yenyewe sasa iweke kwenye monita ya injini inayosoma joto la kila silinda. Uwanja wetu uko kama futi 4,500 juu ya bahari, mchana wa jua kali ndege yenye ile injini ya O-320 ya nguvu farasi 150 inapanda kwa kuvuta miguu, pua juu, hewa ya kupoza haitoshi, na geji ya kiwandani haikwambii silinda ipi inachemka.

ELT, kile kifaa kinachorusha ishara ya dharura ndege ikianguka, kama bado ni ya masafa ya 121.5 MHz peke yake badilisha uweke ya 406, setilaiti ziliacha kusikiliza 121.5 tangu Februari 2009.

Skrini baadaye bana. Na chochote utakachonunua hakikisha kina STC, yaani kibali cha kukifunga kwenye modeli yako, ongea na fundi wako na TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania) kabla hujatuma hela.