Anachokitafuta tajiri wa unga kwenye uchaguzi asiogombea

Ndugu uliyeuliza kwa nini mtu mwenye mali ya haramu ya unga, yaani dawa za kulevya, amwage mamilioni kwenye kampeni ilhali jina lake halimo kwenye karatasi ya kura, nimesoma majibu ya wenzangu wote. Wengi wamesema anatafuta kinga. Ni kweli, ila neno hilo ni pana mno, na ukilibeba hivyo hivyo mambo yatapita mbele ya macho yako usiyatambue. Mimi niliyaona kwa karibu, na mkono wangu umo. Kwa hiyo nitaeleza kwa urefu, mnivumilie.

Mwaka 2013 nilikuwa nashika daftari la pesa la mgombea wa uwakilishi wadi huku Kisauni, Mombasa. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa kaunti. Zamani diwani alikuwa mtu wa mitaro na taa za barabarani; mwaka ule kaunti 47 zikapata bajeti zao, tenda zao na askari wao. Sisi kwenye kampeni hatukuwa na nafasi ya kulifikiria hilo. Vichwa vyetu vilikuwa kwenye leso, fulana, mafuta ya magari, spika za kukodi, na chakula cha mawakala siku ya kura, maana wakala mwenye njaa hununuliwa kwa sahani ya biriani kabla ya adhuhuri. Mgombea wetu alikuwa mwalimu aliyeacha kazi. Akiba yake yote iliishia kwenye mchujo wa chama.

Hapo ndipo tajiri alipoingia. Jina lake silitaji, na mnaonijua naomba msilitaje. Ninalotaka mlielewe ni kwamba kwetu sisi alichelewa kuja. Kwa mtaa alikuwa ameshafika miaka mingi. Mtu akifiwa, sufuria za pilau za matanga zilitoka kwake. Mtoto akifaulu halafu karo ikakosekana, mamake alielekezwa kwenye nyumba ile yenye geti jeusi. Pampu ya kisima ilipoharibika, aliyeleta mpya ni yeye. Kila mtu alijua ile mali inatoka wapi, na kila mtu alikuwa na deni la kumfanya asiulize. Kwa hiyo siku alipomtuma kijana na bahasha ya kwanza, mgombea wetu hakuwa na njia ya kuikataa bila kuonekana amemkataa mtu aliyewazika wazee wa mtaa.

Bahasha ile niliiandika kwenye daftari kama "mchango wa marafiki". Zikaja nyingine, na zote nikaziandika hivyo hivyo. Sheria ya kudhibiti pesa za kampeni ilipitishwa Kenya mwaka huo huo wa 2013, lakini kabla ya uchaguzi wa 2017 wabunge wakaisogeza mbele, na kuelekea 2022 wakazikataa kanuni zilizotolewa na tume ya uchaguzi. Daftari langu halijaombwa na mtu yeyote hadi leo.

Tulishinda. Wiki chache baada ya kuapishwa tuliitwa nyumbani kwake usiku, mheshimiwa mpya, mimi na mzee mmoja wa mtaa. Nilikwenda nikiwa na hofu kwamba atadai arudishiwe pesa. Hakuzigusia. Alitukaribisha kahawa na haluwa, akatupongeza, akauliza hali za wazazi wetu. Tulipoaga ndipo aliposema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba kibali cha uwanja wake wa magari karibu na bahari kimekwama ofisini. Mwezi uliofuata ikawa askari wa kaunti wanayasumbua magari yake ya mchanga. Baada ya hapo ikaja ile ambayo sijaisahau: mkuu mpya wa kituo cha polisi "anawaonea vijana wetu".

Yule afisa alikuwa amefika miezi michache tu nyuma. Alivamia maskani mbili za kuuzia unga na kuwakamata mapusha, yaani wauzaji wa rejareja, ambao hakuna aliyewahi kuwagusa. Mwakilishi wadi hana mamlaka ya kumhamisha polisi, na tajiri alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Alichohitaji ni sauti ya wananchi. Tukapanga mkutano wa baraza, wazee wakalalamika kwamba vijana wanapigwa ovyo, akina mama wakasimama na mabango, na barua ya malalamiko ikaandikwa kwenda kwa wakubwa wa usalama. Niliiandika mimi, neno kwa neno. Wazee kumi na wanane walitia sahihi, na wengi wao walisaini kwa nia njema kabisa, kwa sababu ni kweli polisi wetu huwapiga vijana na kila nyumba ina kisa chake. Lile dai lilikuwa na uzito kwa kuwa lilifanana na ukweli. Haikupita miezi miwili, afisa akahamishwa.

Ndipo nikaelewa mtu yule alikuwa analipia nini. Alikuwa analipia muda. Miaka miwili ya kituo kusinzia, mwaka mmoja wa faili kutopatikana, miezi sita ya kesi kuahirishwa. Biashara ya unga haiwezi kupanuka kwa mtu anayekimbia kila wiki. Akipata muda wa kutulia anajenga.

Na alijenga. Alinunua matipa, akafungua nyumba za wageni, akaanza kuchukua tenda za kokoto na kuzoa taka. Nilikuwa nikijiuliza tenda ya taka ina faida gani kwa mtu mwenye pesa zile. Jibu nilipewa na jirani yangu mwenye malori mawili, aliyekuwa akiomba tenda hizo hizo. Jirani alikopa benki, kwa hiyo bei yake ilibeba riba. Tajiri aliandika bei ambayo haitoshi hata dizeli, akashinda kila mara. Hasara haikumuumiza, kwa sababu hundi ya kaunti ina stakabadhi, ina kodi iliyokatwa, inaingia benki mchana kweupe. Ukiwa nayo unaweza kueleza nyumba, gari, na pesa nyingine nyingi ambazo hazikutoka kwenye taka. Jirani aliuza lori moja, kisha la pili. Watu hudhani biashara ya namna hii humwumiza mteja wa unga peke yake. Inamfilisi pia fundi na mkandarasi ambaye hajawahi kuigusa kete, ile pakiti ndogo ya unga.

Mwenzetu mmoja ametoa mfano wa Pablo Escobar, tajiri wa kokeni kule Colombia, kwamba aliingia bungeni. Mimi nauona mfano ule kama kosa ambalo wenzake duniani walijifunza kwalo. Aliwajengea maskini wa Medellín nyumba na viwanja vya mpira, na mwaka 1982 akachaguliwa mbunge wa akiba. Kiti kikamweka kwenye mwanga. Mwaka 1983 waziri wa sheria, Rodrigo Lara Bonilla, akamsimamia kidete, na gazeti la El Espectador likafukua habari za kukamatwa kwake kwa kokeni mwaka 1976. Siasa zake za hadharani zikaishia hapo. Lara Bonilla aliuawa Aprili 1984, na mhariri wa gazeti, Guillermo Cano, Desemba 1986. Yote aliyoyafanya baadaye, mabomu kwa mabomu, yalikuwa vita dhidi ya kupelekwa Marekani kushtakiwa. Siku ile ile ya Juni 1991 bunge la katiba lilipopiga kura kuzuia raia kupelekwa nje, ndipo alipojisalimisha, tena kwenye gereza alilojichagulia mwenyewe.

Sasa rudi hapa Mombasa uangalie kesi ya kina Akasha, familia ya walanguzi wa unga, ambayo imo kwenye kumbukumbu za mahakama. Baba yao, Ibrahim Akasha, alipigwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Wanawe wawili, Baktash na Ibrahim, walikamatwa hapa Novemba 2014 pamoja na Mpakistani mmoja na Mhindi mmoja, baada ya maajenti wa Marekani kuwatega kwa kununua kilo 99 za heroini. Marekani ikaomba wapelekwe huko. Wakapewa dhamana, na kesi ikaanza kuahirishwa. Leo wakili hayupo, kesho hakimu hayupo, keshokutwa kuna ombi jipya. Tuliokuwa tukifuata habari hizo tulifika mahali tukachoka hata kuuliza tarehe inayofuata. Zaidi ya miaka miwili ilipita hivyo, mpaka Januari 2017 walipopakiwa ndege kwenda New York.

Oktoba 2018 walikiri makosa. Kati ya waliyoyakiri ni kuhonga maafisa wa Kenya ili kesi ile ya kupelekwa nje ikwame. Waendesha mashtaka wa Marekani walitaja majaji, waendesha mashtaka wenzao wa huku, na polisi. Baktash alifungwa miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Nilipoisoma ile taarifa nililiona daftari langu. Kiwango kilikuwa kikubwa mara elfu, lakini bidhaa iliyonunuliwa ni ile ile, muda. Na msidhani muda ule ulikaa bure: mwaka 2016, wale wanne wakiwa bado kwenye dhamana, polisi wa Thane huko India walinasa tani nyingi za efedrini, malighafi ya kutengenezea dawa za kulevya, kutoka kiwanda cha Solapur, na wakamtaja yule Mhindi miongoni mwa washukiwa.

Kwa hiyo ndugu, ukitaka kumjua mtu wa namna hii mtaani kwako, usihangaike na jukwaa la kampeni. Hatakuwepo. Uliza nani anayewalisha mawakala. Tazama nani anashinda tenda kwa bei isiyolipa gharama. Kaa kortini uhesabu kesi ngapi za unga zimeahirishwa na kwa sababu gani. Na ukiona wananchi wanaandamana kumkataa afisa fulani, soma barua yao vizuri kabla ya kuweka sahihi, hata kama kila neno lililomo ni la kweli.

Mwaka 2016 mtoto wa shangazi yangu alianza kutumia. Tuligundua siku alosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilipomshika, analia na kutapika sakafuni huku ameshika miguu ya mamake. Kete alikuwa akizinunua kwenye maskani iliyo nyuma ya uwanja ule wa magari, uliopewa kibali na mheshimiwa wetu. Nilikwenda kituoni kuripoti, nikaeleza mahali, saa na rangi ya pikipiki inayoleta mzigo. Polisi wa zamu alinisikiliza bila kuandika. Kisha akaniangalia sana, akauliza, "Wewe si ndiye uliyeleta ile barua?"

Kijana yuko hai. Kila asubuhi huenda kliniki kunywa methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya unga, na njia anayopita ni kando ya ukuta wa uwanja ule. Mimi humsindikiza.