Barua kwa mwanangu: anza na magurudumu, gia zitasubiri

Mwanangu Aneth,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusikiliza nikiwa na kalamu mkononi, nikaona jibu lake halitoshi kwenye simu. Ndiyo maana naandika.

Umesema umenunua baiskeli ya Raleigh ya zamani ya mashindano kwenye duka la hisani hapo Sheffield, Uingereza. Ina fremu ya chuma yenye stika ya Reynolds 531, gia kumi na mbili na magurudumu ya inchi 27. Inaendeka, ila mlimani inakumaliza, na mvua ikinyesha breki zake zinakutisha. Unauliza kama uvue kila kitu uweke seti nzima mpya ya gia na breki ya Shimano 105, au uiache ilivyo, kama wanavyokuambia wenzako wa klabu kwamba kuigusa ni kuiharibu.

Iguse. Ila naona umeanzia mwisho. Baiskeli ya namna hiyo udhaifu wake uko kwenye ringi, breki na ekseli ya nyuma, na hela yako ya kwanza iende huko. Gia zifuate baadaye, tena zisiwe hizo ulizozitaja.

Nianze na hao wenzako. Huku kwetu baiskeli haijawahi kuwa pambo la kabatini. Unazikumbuka zile Phoenix na Avon pale karakana: foku ya hii, gurudumu la ile, krenki zilizoshuka na kontena la mitumba, na mwenyewe alfajiri anapakia ndizi kwenda soko la Kilombero. Sijawahi kuulizwa na mteja kama spea ni ya mwaka mmoja na fremu. Hata hivyo wana hoja moja usiyotakiwa kuipuuza. Kuna kazi ukishaifanya hairudi nyuma: kutoboa fremu kwa drili, kuikata kwa msumeno, kusaga sehemu iliyochomelewa. Kazi nyingine zote ni za spana, na kilichofunguliwa kwa spana kinafungwa tena. Kila utakachovua kifute, kipake mafuta, kiweke kwenye boksi pamoja na nati zake. Yapo hata matembezi ya baiskeli yanayoitwa L'Eroica, yaliyoanza Gaiole in Chianti, Italia, mwaka 1997. Yanataka baiskeli za mwaka 1987 kurudi nyuma, zenye vishikio vya gia kwenye paipu ya chini. Tawi lao la Uingereza lilianzia Bakewell mwaka 2014, hapo jirani na mji wako. Siku ukipata hamu ya kwenda, utalihitaji boksi hilo.

Kabla hujatoa senti, ikague fremu. Igeuze chini juu, upitishe vidole chini ya ile paipu ya juu na ile ya chini, hapo nyuma tu ya kichwa cha fremu, pale foku inapoingia. Ukisikia mkunjo, au rangi imepasuka kwa mstari, fremu hiyo iligonga kitu kwa mbele, na mazungumzo yetu yanaishia hapo. Ikiwa safi, hamia kwenye nguzo ya siti, ile inayozama ndani ya fremu. Legeza bolti uone kama inazunguka. Alumini ikikaa miaka ndani ya chuma bila grisi inashikana nacho, na wengi wameharibu fremu nzima kwa kuing'ang'aniza siku moja. Ikigoma, mimina mafuta ya kulegeza kutu, iache ilale, rudia kesho na keshokutwa. Ikitoka, soma namba iliyogongwa juu yake. Ikiwa milimita 27.2, ni dalili nzuri, maana ndicho kipimo cha kawaida cha fremu ya 531 ambayo paipu zake ni nyembamba katikati na nene kwenye ncha, pale zinapochomelewa.

Stika nayo isome mpaka mwisho. Reynolds wa Birmingham walianza kuiuza 531 mwaka 1935, chuma kilichochanganywa na manganizi na molibdeni, lakini stika zao hazisemi kitu kimoja. Ipo inayosema paipu zote pamoja na foku ni 531, na ipo inayosema ni paipu tatu kubwa peke yake. Zote ni fremu za kujivunia. Nakuambia tu usije ukauziwa nyingine kesho kwa bei ya ile ya kwanza.

Sasa magurudumu. Chukua sumaku uiweke kwenye ringi. Ikinasa, ringi ni za chuma kilichopakwa kromu, na hofu yako ya mvua imepata maelezo: mpira wa breki ukikutana na kromu iliyolowa hauna pa kushika. Hakuna seti ya gia duniani itakayolitibu hilo. Ringi za alumini zinalitibu siku hiyohiyo.

Usitafute tena za inchi 27, nunua 700C, kipimo cha siku hizi. Tairi za inchi 27 zinapatikana kwa shida, wakati za 700C zimejaa kila duka, laini, ngumu, za baridi, za kokoto. Kipenyo cha ringi ya inchi 27 pale tairi linapokaa ni milimita 630, na cha 700C ni 622. Tofauti ni milimita 8, yaani 4 kila upande. Kwa hiyo utapata nafasi ya tairi pana kidogo, milimita 28 au hata 32 fremu ikiruhusu, na barabara za huko zenye mashimo, kama ulivyonisimulia, hazitakuumiza mgongo. Ila mpira wa breki nao utatakiwa ushuke milimita hizo 4. Hapo ndipo watu wanapokwama: wananunua kalipa mpya nzuri, yaani mikono ya breki inayobana ringi, zinafika juu ya ringi, zinashika tairi. Azima gurudumu la 700C kwa mmoja wa hao wenzako, liweke, kisha pima kutoka katikati ya tundu la bolti ya breki kushuka mpaka katikati ya uso wa ringi. Kalipa za kawaida za siku hizi zinafika milimita 39 hadi 49. Zipo ndefu za 47 hadi 57, na mara nyingi fremu iliyozaliwa na inchi 27 inahitaji hizo, au ndefu kuliko hizo. Tafuta zile zenye egemeo mbili. Nguvu ndogo ya kidole inatosha kusimamisha, hutaamini ni fremu ileile.

Na uulize bolti yake. Kalipa za sasa nyingi zinafungwa kwa nati fupi inayozama ndani ya fremu, na fremu yako huenda ina tundu jembamba la bolti ndefu yenye nati ya nje. Muuzaji atakuambia upanue tundu kwa drili. Kataa. Zinauzwa zenye bolti ndefu, ni kusubiri posta tu.

Gurudumu la nyuma lina habari yake. La kwako sasa lina friwili, rundo la sproketi, inayofungwa kwa tredi juu ya habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa hiyo gololi za upande wa kulia zimekaa ndani sana na ekseli inaning'inia kipande kirefu bila kushikwa. Ndiyo maana ekseli za namna hiyo zinapinda, na tangu mitumba ya mashindano ianze kushuka Arusha nimezitoa nyingi. Habu ya sasa, ile ya kaseti, ambayo sproketi zake huchomekwa juu yake, gololi zake za kulia ziko karibu na ncha. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kubadilisha.

Ila habu ya sasa ni pana. Fremu ya gia sita nyuma kwa kawaida ina milimita 126 kati ya masikio, pale ekseli inapoingia, na habu mpya ya breki za ringi inataka 130. Wengi wanatanua kwa mikono, wanasukumiza gurudumu, linaingia, maisha yanaendelea. Unaweza. Lakini siku ukipata pancha kwenye baridi, vidole vimekufa ganzi, utatamani mkono wa tatu wa kukushikia. Afadhali kuitanua fremu ikae hapo moja kwa moja. Chuma kinakubali kazi hiyo. Alumini na kaboni usijaribu kamwe.

Huku natumia chuma kirefu chenye tredi, nati mbili na washa. Nakipitisha kwenye masikio, nati zikiwa ndani, nazifungua kwenda nje pole pole. Chuma kina ukaidi wa kurudi kilikotoka, kwa hiyo ukifikisha 130 na kulegeza utakuta umerudi 126 kama hukufanya kitu. Unaongeza kidogo, unalegeza, unapima, unaongeza tena. Kupima baada ya kulegeza ndiyo kazi yenyewe, mwenye haraka anapitiliza. Na pande mbili hazikubali sawa, hasa paipu ya kulia ikiwa imebonyezwa kupisha sproketi. Funga uzi kwenye sikio moja, uzungushe mbele ya kichwa cha fremu, urudishe sikio la pili, uvute ukaze. Pima nafasi kati ya uzi na paipu ya fremu inayopokea siti, kulia na kushoto. Zikiwa sawa, gurudumu litakaa katikati. Zikitofautiana, upande mmoja umekwenda zaidi na unarudishwa kwa ubao. Mwisho masikio yenyewe yatazamane sawasawa, maana yakikaa mshazari ekseli mpya nayo itapinda. Kwa hatua hiyo ya mwisho nenda kwa fundi wa hapo, wana vifaa vyake, mlipe. Mwambie akunyooshee pia kijisikio kinachobeba mkono wa gia, ule unaohamisha cheni nyuma.

Ndiyo, gia. Hizo kumi na mbili zako ni mbili mbele mara sita nyuma. Kumi na mbili za Shimano 105 ya leo ni za nyuma peke yake. Unataka nini kwa wingi huo? Hesabu meno. Ukikuta sproketi ndogo ya mbele ina 42 na kubwa ya nyuma 28, kwenye gia yako nyepesi kabisa kila ukizungusha pedali mara moja gurudumu linazunguka mara moja na nusu. Kwa vilima vya Sheffield hiyo ni adhabu. Weka 34 mbele na 32 nyuma, gurudumu litazunguka mara moja na chembe. Umepanda. Hilo hata gia nane nyuma zinalifanya.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ningechukua Claris, seti nyingine ya Shimano, gia nane. Cheni yake ni nene na ya bei ndogo, nafasi kati ya sproketi ni kubwa, na fremu ya miaka arobaini ikiwa imekosea nusu milimita haitakupigia kelele. Mkono wa gia wa zamani usiulazimishe kwenye meno 32, nunua mpya. Angalia tu kama sikio la kulia lina tundu lenye tredi la kuubeba. Kama halina, kuna bamba dogo la kufunga.

Vishikio vya gia vilivyounganishwa na breki, ambavyo Shimano walivileta kwenye baiskeli za barabara mwaka 1990, ni vitamu, sikatai. Pale kwenye paipu ya chini panapokaa vishikio vya zamani patafungwa vituo vya waya. Lakini kama hela imeishia kwenye magurudumu, acha hivyohivyo vya zamani mwaka huu. Vya wakati huo vingi havina mlio wa hatua kwa hatua, vinateleza tu, kwa hiyo vinasukuma kaseti yoyote utakayoweka. Sikio lako ndilo litakuambia cheni imekaa.

Ekseli ya krenki isikusumbue. Ikizunguka bila kukwaruza, iache. Ukitaka kuweka krenki mpya, pima kwanza upana wa paipu inayobeba ekseli hiyo, upande hadi upande, milimita 68 ndiyo ya Kiingereza ya kawaida, na ukumbuke kikombe cha kulia kina tredi za kinyume, kinafunguka kwa kuzungusha kama unakaza. Ukiona upana ni 71 au 76, simama: Raleigh walikuwa na tredi zao wenyewe kwenye baiskeli zao nyingi na spea za kawaida hazifungi. Usukani pia uache. Shingo yake ya kuzamisha inashika bomba la zamani, na usukani mpya wa milimita 31.8 hautaingia humo. Inua tu shingo kama mgongo unalalamika, usivuke alama iliyochorwa juu yake.

Usiagize kitu wiki hii. Nitumie vipimo vitatu: upana kati ya masikio ya nyuma, ile breki mpaka ringi ukiwa umeweka gurudumu la kuazima, mbele na nyuma, na idadi ya meno. Nipigie na picha ya kichwa cha fremu kwa chini, nione mwenyewe. Jumamosi usiku nipo, ila si wakati wa taarifa ya habari.

Mama yako anakusalimu. Nimemweleza yote haya, ameuliza swali moja tu: ina keria?

Baba yako