Msingi wa nguzo ya taa ya mita 12

Ndugu, umeuliza kama shimo la mita 1 linatosha kwa nguzo ya mita 12. Mimi nisingethubutu. Uzito wa nguzo hausumbui sana. Kinachosumbua ni upepo unaosukuma taa kule juu na kutaka kuing'oa nguzo chini. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara 4.

Pima udongo kwanza. Mfinyanzi unaovimba au mchanga uliolegea hubadilisha kina na upana wote.

Boliti za kushikilia nguzo kwenye msingi zifunge kwenye bamba lenye matundu sawa na ya kitako cha nguzo kabla ya kumwaga zege. Niliwahi kukuta zimehama sentimita 2 tu, nguzo ikakataa kukaa. Bomba la nyaya usilisahau.

Vipimo na nondo apige hesabu mhandisi wa miundo. Nguzo ikianguka huua.