Auendee au auache? Kisa cha mipira miwili ya Nestor Cortes

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: "Katika mchezo unaoufuatilia, ni ubishi gani usiokwisha, nawe uko upande gani?" Najua wengi watawaandikia kuhusu VAR, na wale wa Kariakoo watawajazia ukurasa kama kawaida yao. Mimi ninaishi Kansas City, Marekani, tangu 2013, na ubishi uliotumalizia mapumziko mengi ya chai pale ghalani ninapoendesha foklifti ni huu: mpigaji wa besiboli akishasimama na gongo lake, mpira wa kwanza kabisa anaorushiwa auendee, au auache upite?

Kwa asiyeujua mchezo, maelezo ni mafupi. Mrushaji yuko mita 18.44 kutoka kwenye bamba la mpigaji, na bamba lenyewe lina upana wa sentimita 43 tu. Mpira ukipita juu ya bamba, kati ya goti na kifua, mpigaji akauangalia tu, ni straiki. Akilizungusha gongo akaukosa, ni straiki pia. Ukipita nje ya hapo naye akauacha, ni boli. Straiki tatu umetoka, zamu yako imekwisha; boli nne unapewa besi ya bure, yaani unakwenda kwenye kituo cha kwanza, na anayevizunguka vituo vyote vinne akarudi nyumbani kwenye bamba anaipatia timu yake alama. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4, kwa hiyo hakuna muda wa kushauriana na moyo.

Nilipoingia kwenye ubishi huu nilikuwa upande wa subira. (Msinitupie methali, tafadhali. Za kungoja zipo na za kuwahi zipo, na bibi yangu aliyenilea Tanga alizitumia zote mbili asubuhi moja, kutegemea ni nani kachelewesha chai.) Aliyenivuta upande huo ni mzee mmoja wa kazini, Mmarekani aliyekula chumvi nyingi kwenye viwanja hivi. Kila nikimgusa alinitajia Wade Boggs, aliyemaliza kazi yake na hiti 3,010 (mapigo yaliyomfikisha salama kwenye besi) na wastani wa 0.328 (yaani hiti 328 katika kila mara 1,000 za kupiga zinazohesabiwa), na ambaye mpira wa kwanza alikuwa karibu haugusi. Ni Boggs huyohuyo aliyekula kuku kabla ya kila mechi, mzee naye akishika hilo la kuku kama sehemu ya ushahidi. Kisha anakuja Joe Mauer wa Minnesota, bingwa wa wapigaji wa ligi yake mara tatu, 2006, 2008 na 2009, naye mpira wa kwanza akiutazama kama mtu anayesubiri basi jingine. Na Ted Williams, aliyepiga 0.406 mwaka 1941, aliyependa mara yake ya kwanza ya kupiga katika mechi kuuacha wa kwanza upite ili amsome mrushaji.

Hoja yao inaeleweka. Mrushaji huchoka. Ukimlazimisha kurusha mipira sita badala ya mmoja, na wenzako wakafanya hivyohivyo, kufikia awamu ya sita kati ya tisa za kawaida mkono wake umeshakuwa mzito. Nawe umeona alicho nacho mfukoni.

Kwa upande wa pili wa meza alikaa kijana wa Jamhuri ya Dominika, ambaye jibu lake lilikuwa msemo wa kwao. Wamarekani ile besi ya bure huiita kutembea. Kwao Dominika husema hakuna aliyewahi kutoka kisiwani kwa kutembea. Msaka vipaji akija kijijini haji kumtazama kijana asiyelizungusha gongo. Mfano wake ulikuwa Vladimir Guerrero, yule baba, maana mwanawe wa jina hilohilo naye ni mpigaji, aliyeupiga wa kwanza, wa pili, wa juu, wa chini, na aliyewahi kupata hiti kwa mpira uliokwisha kudunda ardhini. Wastani wake wa maisha ni 0.318 na tangu 2018 yumo katika Jumba la Mashuhuri wa besiboli, Cooperstown. Mzee wa kuku hakuwa na jibu la haraka kwa hilo.

Ndipo watu walipoanza kuleta takwimu, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo watu wengi wanapodanganywa. Mtetezi wa kuwahi atakwambia: wapigaji wanaoupiga mpira wa kwanza ukaingia uwanjani wana wastani wa zaidi ya 0.320, wakati wastani wa ligi kuu nzima kwa miaka ya karibuni unacheza kati ya 0.240 na 0.255. Kesi imekwisha, atasema. Haijakwisha. Hesabu hiyo inachukua mipira iliyopigwa ikaingia uwanjani tu. Aliyelizungusha gongo akakata upepo hayumo. Aliyeuparuza ukaenda kwa watazamaji hayumo. Wote hao wamebeba straiki moja, na matokeo yao yataandikwa kwenye ukurasa wa mpira wa tatu au wa tano. Ni kumsifu mvuvi kwa samaki waliofika sokoni bila kuuliza nyavu ngapi zimepasuka.

Lakini mtetezi wa subira naye ana lake analolificha. Mpira wa kwanza huwa straiki karibu mara sita katika kila kumi. Mpigaji akishaanza na straiki moja bila boli, wastani wake katika zamu hiyo hushuka hadi karibu 0.220. Akianza na boli, hukaa karibu 0.260. Kwa hiyo anayeamua kabla ya kutoka benchi kwamba wa kwanza haugusi, anamzawadia mrushaji straiki moja, na mrushaji akishalijua hilo ataurusha katikati kabisa, ule mpira ambao hatauona tena zamu hiyo.

Fikirini pia jambo hili, ambalo mimi lilinichukua miaka kuliona. Mpira uliokuja pazuri ukiuacha ni straiki. Ukiuendea ukaukosa ni straiki ileile, si mbili. Hasara ya kuwahi iko mahali pawili tu: kuuendea mpira wa nje ambao ungehesabiwa boli, na kuugusa vibaya ukamdondokea mlinzi mkononi ukatoka kwa mpira mmoja. Zote mbili ni hasara za kuchagua vibaya. Wa kwanza hausameheki wala haulaaniki kwa sababu tu ni wa kwanza.

Oktoba 2015 mji wetu ulikuwa na mtu wa kuuthibitisha ubishi pande zote mbili. Alcides Escobar wa Royals, timu ya hapa, ndiye aliyefungua orodha ya wapigaji, na katika mechi za mtoano mji mzima ulijua kwamba wa kwanza atauendea. Wapinzani nao walijua. Tarehe 27, mechi ya kwanza ya World Series, yaani fainali ya ligi kuu, dhidi ya New York Mets, mrushaji wao Matt Harvey akarusha mpira wake wa kwanza, Escobar akauvuta kwenda kati ya kushoto na katikati. Walinzi wawili wakatazamana, mpira ukagonga mguu wa Yoenis Céspedes ukabingirika, na Escobar akazunguka besi zote nne akarudi nyumbani bila mpira kutoka nje ya uwanja. Mechi hiyo ilikwenda awamu 14, Royals wakashinda 5 kwa 4. Bosi alikuwa ametuwekea redio ghalani. Nilishusha mzigo mahali pasipo pake na hakuna aliyeuliza.

Siku tatu baadaye, mechi ya tatu, Noah Syndergaard wa Mets akautuma wa kwanza juu, usawa wa kichwa. Escobar akajikuta chini kwenye vumbi. Ulikuwa ujumbe, na Mets wakashinda 9 kwa 3. Royals walichukua kombe hatimaye, la kwanza tangu 1985, lakini sijausahau ule mpira wa Syndergaard. Ukishajulikana kwamba utakula chochote, mvuvi haangaiki na chambo. Katika msimu wote wa kawaida wa mwaka huo Escobar alifika kwenye besi kwa kiwango cha 0.293, ambacho kwa mtu wa kufungua orodha ni aibu. Hayo nayasema nikiwa na fulana yake kabatini.

Kilichonihamisha kabisa ni usiku wa tarehe 25 Oktoba 2024, Los Angeles, mechi ya kwanza ya World Series. Yankees wanaongoza 3 kwa 2, awamu ya kumi, Dodgers wana watu besi ya kwanza na ya pili, mmoja ametoka. Anaingia mrushaji wa Yankees Nestor Cortes, ambaye hakuwa amerusha katika mechi kwa zaidi ya mwezi. Mbele yake Shohei Ohtani. Mpira wa kwanza, Ohtani anauendea. Unapaa pembeni kushoto, Alex Verdugo anakimbia, anaudaka, anapinduka juu ya ukuta mfupi hadi kwa watazamaji. Ohtani ametoka kwa mpira mmoja. Wazee wa subira nchi nzima wakatikisa vichwa.

Ila kwa kuwa mdakaji ameangukia nje ya uwanja, kanuni inawasogeza wakimbiaji besi moja mbele. Sasa besi ya kwanza iko tupu, kwa hiyo Yankees wanaamua kumpa Mookie Betts besi ya bure kwa makusudi, na tangu 2017 hilo hufanywa kwa ishara tu bila kurusha mpira. Besi zote zimejaa. Anakuja Freddie Freeman, kifundo cha mguu kikiwa kimeteguka, mtu anayejulikana kwa kuuendea wa kwanza kuliko wengi.

Simamisheni picha hapo. Besi zimejaa na Cortes anaongoza kwa alama moja. Akimpa Freeman besi ya bure, wote wanasogea, wa besi ya tatu anaingia nyumbani, na mechi ni sare. Hana pa kukimbilia, lazima aanze na straiki. Freeman analijua hilo, tena analijua kabla mpira haujatoka mkononi. Mpira wa pili wa Cortes usiku ule, wa kwanza kwa Freeman, ulikuja wa kasi upande wa ndani, ukaishia kwa watazamaji wa kulia. Dodgers 6, Yankees 3. Homurani, yaani pigo linalomrudisha nyumbani mpigaji pamoja na wote walio kwenye besi, ya kumaliza mechi huku besi zote zina watu haikuwa imewahi kutokea katika World Series.

Mrushaji mmoja, mipira miwili, wapigaji wawili walioiendea yote. Mmoja katoka, mwingine kajengewa sanamu mioyoni mwa watu. Kama swali lingekuwa "uendewe au uachwe", usiku ule ungejijibu na kujipinga ndani ya dakika chache. Kwangu swali limekuwa: kabla hajarusha, je, umejua unataka upi, na je, yeye ana uhuru wa kukunyima? Jibu likiwa Freeman, uendee. Na siku hizi, warushaji wa mwanzo wanapotolewa baada ya awamu tano hivi, hata ile hoja ya kumchosha imepungua thamani, maana ukishamchosha analetwa mwingine mwenye mkono mbichi na kasi zaidi.

Nina sababu ya nyumbani pia. Mwanangu ana miaka kumi na anacheza ligi ya watoto. Kocha wao, mtu mwema, amewaamuru wote wauache mpira wa kwanza, kila zamu. Inafanya kazi, kwa sababu warushaji wa miaka kumi hawajui wanakorusha, na timu inakusanya besi za bure kama maembe ya upepo. Lakini nilimwona mwanangu akiutazama mpira mzuri wa katikati ukipita, kisha akamgeukia kocha kwa macho ya kuomba ruhusa, na roho iliniuma. Sikumwambia kitu kocha. Jioni tunakwenda wenyewe kwenye nyasi nyuma ya nyumba. Kabla sijarusha namuuliza, "Baba, unautaka wa wapi?" Ananionyesha kwa ncha ya gongo: usawa wa mkanda, kwa ndani kidogo. Ukija hapo auendee. Ukija kwingine auache, hata kama ni mzuri.

Juzi nilirusha mingi tu bila kulenga mahali pake. Ulipokuja hatimaye ule aliouagiza, usawa wa mkanda, kwa ndani kidogo, alikuwa anarekebisha helmeti. Ukampita. Tulicheka, nikaufuata kwenye ua wa jirani.

Msomaji wenu,
Kansas City, Missouri