Uanzie wapi ikiwa bibopu inakuchosha

Umeeleza kwamba unaipenda jazi, lakini kila unaposikiliza bibopu unapotea njiani, na unauliza kama upo mtindo mwingine utakaokufaa zaidi. Upo, wala huna haja ya kujilazimisha. Bibopu, iliyokuzwa na Charlie Parker na Dizzy Gillespie mjini New York katika miaka ya 1940, huenda kwa kasi na kubadilisha mwelekeo haraka kiasi kwamba sikio lisiloizoea hubaki nyuma.

Mimi ningekushauri uanze na jazi ya modi, mtindo ninaoupenda kuliko yote, ambamo wanamuziki hukaa juu ya skeli moja (mfululizo wa noti zilizopangwa) kwa muda mrefu na kuachiana nafasi ya kupumua. Tafuta albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya mwaka 1959, Kind of Blue. Katika wimbo wa kwanza, usiingoje tarumbeta. Ifuate besi ya Paul Chambers, inayouliza kwa sauti ya chini huku piano ikiitikia kwa mapigo mawili tu, kabla ya vyombo vya kupuliza kulichukua itikio lile lile. Hapo ndipo mimi nilipotekwa.

Ukitaka msisimko zaidi, ujaribu mtindo uitwao “hard bop” wa mpiga ngoma Art Blakey, yenye bluzi na uimbaji wa kanisani ndani yake. Bibopu irudie baadaye, ukisikiliza kipande kimoja mara tatu au nne, na kila mara ukifuata chombo kimoja tu.