Dada, usisaini huo mkopo wa televisheni

Dada, kama hujasaini, usisaini. Kama umesaini na pesa hujazigusa, zirudishe kesho asubuhi kabla hujanywa chai.

Umeandika kwamba safari yenu ya Zanzibar imekufa kwa sababu mama amepooza upande mmoja na hakuna wa kumwachia, na kwamba nyumba yenu ya Kireka, karibu na Kampala, sasa inakubana kifua. Umeuliza mambo manne: ukope milioni mbili na nusu ununue televisheni kubwa na makochi "ili nyumba iwe hoteli", upike nini wikendi, watoto uwape shughuli gani, na maua gani yanavumilia kivuli. Mimi nimekwama kwenye la kwanza. Maneno yako nimewahi kuyasema kwa mdomo wangu, mwaka 2021, hapa Busia, Uganda.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Mwaka ule mimi na mume wangu tulikuwa tumeweka akiba ya kwenda Kalangala kwa miaka kumi ya ndoa. Tungefika Entebbe, tupande meli pale Nakiwogo, mwendo wa saa tatu na nusu ziwani hadi visiwa vya Ssese. Sikuwahi kulala mahali ninaposikia mawimbi. Tarehe 10 Juni, kwa sababu ya korona, usafiri wa kutoka wilaya moja kwenda nyingine ukapigwa marufuku. Tarehe 18 magari yakasimamishwa kabisa, kafyu saa moja jioni, siku 42. Nililia siku mbili.

Kabla magari hayajasimama nilikuwa nimepita kwenye duka moja hapa mjini kununua balbu tu. Kijana wa pale akanisikiliza nikilalamika, akanishika mkono hadi kwenye televisheni ya inchi 55 iliyokuwa ikionyesha bahari, na kasa anaogelea. Akaniambia, "Mama, usipokwenda baharini, bahari itakuja sebuleni." Nikasema sina pesa. Akasema hilo si tatizo, akampigia simu mkopeshaji, na mkopeshaji akafika akiwa na karatasi zake tayari. Mpaka leo nikimkumbuka kijana yule damu inachemka. Alijua shule zimefungwa. Alijua nashona sare, maana nilimwambia. Mtu mwenye huruma angeniuzia balbu akaniacha niende.

Milioni mbili, riba asilimia 10 kila mwezi, miezi sita. Yaani laki mbili kila mwezi za riba peke yake, mtaji wenyewe bado umekaa palepale unakutazama. Dhamana nikaandikisha cherehani yangu ya miguu aliyoniachia shangazi. Hesabu yangu ilikuwa hii: siku 42 zitapita, shule zitafunguliwa, oda zitakuja, nitalipa. Dada, shule hazikufunguliwa mpaka tarehe 10 Januari 2022. Tangu Juni hadi Desemba sikushona sare hata moja.

Na hiyo bahari sebuleni? Wiki ya kwanza tulikaa wote kwenye mkeka tukitazama kasa. Wiki ya pili yaka, ule umeme wa kulipia kabla, ikaisha, na pesa ya kununua umeme ilikuwa ileile ya rejesho. Kifurushi cha king'amuzi kikakatika. Lililobaki ni kioo cheusi ukutani, na mimi nikijiona ndani yake kila nikipita na ndoo. Mume wangu akaacha kukaa sebuleni. Simu ikilia, watoto wananitazama usoni kujua kama ni yule mtu wa mkopo. Nyumba niliyotaka iwe pahali pa kupumzika ikawa nyumba ya watu wanaonong'ona.

Novemba wakaja na pikapu wakachukua cherehani. Televisheni hawakuitaka, na mkataba wa cherehani nilikuwa nimeusaini mwenyewe. Januari shule zikafunguliwa, na watoto wa Busia nzima walikuwa wamerefuka karibu miaka miwili ya korona ndani ya sare zilezile. Wazazi walipanga foleni mlangoni kwangu, na mimi sina cha kushonea. Wengine walikuja na vitambaa vyao kabisa. Nikawaelekeza kwa fundi wa jirani, mmoja baada ya mwingine. Siku hiyo iliniuma kuliko Kalangala, kuliko yote. Televisheni nikaiuza laki saba. Cherehani nyingine nilikuja kuipata baada ya mwaka mzima wa kushona kwa kuazima.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka unichoke: furaha ya nyumbani isiwe na rejesho. Siku 14 za kwanza usinunue kitu. Tumia kilichomo ndani, kwa saa ileile kila siku. Watu watasema televisheni haina kosa. Ni kweli, haijawahi kumng'ata mtu. Rejesho ndilo lenye meno.

Nasema saa ileile kwa sababu ndicho kilichotuokoa sisi. Huku kwetu jua halibadiliki, linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, basi saa kumi na moja na nusu tukawa tunatoka kibarazani, kila siku, hata siku tuliyogombana. Chai ya tangawizi, na bao. Jirani yetu, mzee wa Kisoga, alikuwa na ubao wa omweso na mbegu zake 64, kila mchezaji 32. Mimi nilidhani naujua mchezo huo, kwa sababu mjomba wangu wa Mombasa anacheza bao, na ubao ni uleule, mistari minne ya mashimo manane. Kumbe ule wa mzee, kila mtu anapanga kete zake apendavyo kabla ya kuanza, na ili ule ni lazima mashimo yote mawili ya mwenzako, la mbele na la nyuma yake, yawe na kete. Alinichapa wiki tatu mfululizo. Binti yangu ndiye aliyemfunga kwanza, na mzee akasimama akacheza ngoma pale pale kwenye vumbi. Hatukulipa hata shilingi mia.

Mbegu za dodo, yaani mchicha, nilikuwa nazo kwenye kopo. Tukazitia kwenye gunia la udongo karibu na jiko, na baada ya kama wiki nne tukachuma mboga ya kwanza.

Sasa mama. Umesema kitanda chake kiko chumba cha nyuma kinachotazama ukuta. Leo jioni waite vijana wawili wa jirani, mkigeuze au mkihamishie karibu na dirisha la mbele, awaone wanaopita na awasikie bodaboda. Kama daktari ameruhusu akae, mtoeni kibarazani saa hiyo ya chai, mumwekee mto upande uliolegea. Mwulize alikuwa akicheza nini alipokuwa msichana. Mwache mtoto mmoja akae karibu naye ajifunze.

Lakini kwanza nijibu hapahapa, usinipitie: yule mtu wa mkopo ameshachukua nakala ya kitambulisho chako au bado?